Hatua Kumi na Moja

Mwezi uliopita tulimzika kaka yangu Nyakundi kule Gesima. Binamu yetu aliyepewa kazi ya kusoma wasifu wa marehemu alisimama mbele ya kipaza sauti akasoma, bila haya, kwamba marehemu "alimsomesha dada yake mdogo, Moraa, hadi akawa mwalimu wa Jiografia." Nilicheka. Nilicheka kwa sauti nimefunika mdomo na leso, na akina mama wa kanisa walioketi nyuma yangu wakadhani nimezidiwa na kilio. Mmoja akanipapasa mgongo akaniambia nijikaze, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Nimefundisha zaidi ya miaka ishirini na mitano, nimehudhuria mazishi mengi kuliko harusi, na ninajua kwamba wasifu wa marehemu ni uongo ambao watu wamekubaliana kuuvumilia kwa saa moja ili wakale. Lakini ule ulinihusu mimi, na nilikuwa bado na hasira zangu zote, hazijapungua hata kidogo. Kwa hiyo nitausimulia mwaka ule jinsi ulivyokuwa. Asiyependa asisome.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne katika shule ya kutwa iliyokaa bila mwalimu wa Jiografia tangu tulipoingia kidato cha tatu, na somo hilo lilinivuta chini hadi nikapata D, alama isiyompeleka mtu popote ila shambani. Chuo cha ualimu kilitaka C. Niliamua kurudia mtihani nikiwa mtahiniwa wa kibinafsi, yaani unajisajili katika shule iliyo tayari kukupokea, unasoma peke yako mwaka mzima, kisha mwisho wa mwaka unakwenda kuketi chumba kimoja na wenzako waliofundishwa. Ada ya mtihani niliipata kwa kusuka wanawake nywele, si kwa Nyakundi. Masomo mengine nilikuwa nayo kichwani. Ila Jiografia, hasa karatasi ya pili, ile ya binadamu na kazi zake, kilimo, makazi, idadi ya watu na viwanda, sikuwa nayo kabisa. Nikiipata hiyo, ningeondoka nyumbani kwa kaka yangu. Nikiikosa, ningeendelea kuchuna majani chai yake hadi atokee mtu wa kuniposa, nikachune ya mtu mwingine.

Nililala jikoni. Sisemi hivyo ili nihurumiwe, ndivyo ilivyokuwa. Jiko lilikuwa nyumba yake peke yake, hatua chache kutoka nyumba kubwa ya mabati, na ndani yake kulikuwa na mafiga, rundo la kuni, mikungu ya ndizi iliyofunikwa kwa magunia ili iive, na kitanda changu upande ule ambao moshi ulipenda kukaa. Ukuta wa udongo ulikuwa na nyufa, na mke wa kaka yangu, ambaye sote tulimwita Mama Dennis, alikuwa na sauti isiyojua nyufa. Nilisikia kila kitu. Nilisikia nilivyokula sana. Nilisikia kwamba msichana wa umri wangu asiyeolewa ni mgeni asiyejua siku ya kuondoka. Tulipokula, ugali wa wimbi uliwekwa mezani na mboga za chinsaga zilizolala katika maziwa usiku kucha hadi uchungu ukaisha, na mimi nilipelekewa kilichobaki kwenye sufuria, mara nyingi mboga nyingi na ugali mdogo, ukoko ukiwa sehemu kubwa. Hadi leo mtu akiniambia anapenda ukoko ninamtazama mara mbili.

Kitabu nilikinunua sokoni Daraja Mbili, kwa mwanamke aliyeuza mitumba. Nilikikuta katikati ya sweta za watoto. Hakikuwa na jalada, hakikuwa na kurasa za mwanzo, na sura ya makazi ilikatika mahali ilipokuwa inaanza kunoga. Aliyekuwa nacho kabla yangu alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu "itakuja" karibu na kila swali, kwa hiyo hakunisaidia lolote. Nilikisoma kituoni, pale tulipopeleka majani kupimwa, kwa sababu lori la kiwanda lilichelewa kila siku na kuchelewa kwake ndiyo iliyokuwa shule yangu. Nilikaa juu ya kikapu kilichopinduliwa nikasoma ufugaji wa ng'ombe wa maziwa nchini Denmark. Niliwachukia watu wa Denmark. Ng'ombe wao walilala mahali penye joto kuliko mimi, na wakulima wao walikuwa na vyama vya ushirika visivyoibiwa. Wanawake waliokuwa wakingoja lori walinicheka kwa Kigusii. "Moraa, huko Denmark chai huchunwa na nani?" Nikawajibu kwamba huko hawana chai. "Sasa wanaishi aje?" Nikasema wana maziwa. "Maziwa bila chai ni ya kazi gani?" Walicheka hadi lori likaja, na mimi nikafunga kitabu nikiwa nimeudhika, ingawa leo naona swali lao lilikuwa la maana kuliko mengi niliyowahi kuulizwa darasani.

Tulichuna kuanzia Jumapili hadi Ijumaa, majani mawili na chipukizi, mgongo umeinama tangu umande hadi adhuhuri. Siku pekee ambayo mikono yangu ilikuwa huru ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ilikuwa Sabato. Jua likizama Ijumaa, kazi zote zilikoma kwa kaka yangu, redio ikazimwa, na kitabu chochote kisicho Biblia, nyimbo au somo la kanisa kikawa dhambi. Basi siku niliyokuwa na nguvu ya kusoma nilikatazwa kusoma, na siku nilizoruhusiwa nilikuwa nimechoka kama punda. Nilimwambia Nyakundi hivyo mara moja, kwa upole wote nilioweza kuukusanya. Akanijibu kwamba Mungu hakuumba Jiografia siku ya saba. Nilitaka kumwambia kwamba Jiografia yote iliumbwa katika zile sita na kwamba yeye hakuisoma hata siku moja, lakini nilikuwa nakula kwake.

Swali lililonitisha kuliko yote lilikuwa la utafiti wa nyanjani. Kila mwaka mtihani ulidhani kwamba mwalimu wako amekutoa darasani, mkaenda mahali, mkachora mchoro wa eneo, mkahesabu, mkapima. Mimi sikuwa na mwalimu wa kunitoa popote. Nikaona nitajitoa mwenyewe. Kitabu kilisema eneo dogo hupimwa kwa hatua, na eneo dogo nililolijua ni lile nililoamkia kila siku. Ardhi yetu, kama ya karibu kila mtu kwenye mteremko ule, ilikuwa utepe uliotoka barabarani juu hadi mtoni chini. Nyumba juu, migomba nyuma yake, chai katikati, mikaratusi na nyasi za nepia huko chini. Utepe wetu ulipakana na wa baba mdogo Ombati, mdogo wa marehemu baba, maana babu alikuwa ameugawa mmoja akafanya tepe mbili sawasawa. Sabato moja ya mwezi wa sita nilisema tumbo linaniuma. Walipoondoka kwenda kanisani nilichukua karatasi na kalamu, nikapanda barabarani, nikaanza kuhesabu. Hatua hamsini na sita upana wa utepe wa kaka yangu kule juu, hamsini na sita za Ombati. Nikateremka kando ya mpaka nikichora na kuandika nilichoona, mti gani, zao gani, jiko liko wapi. Mtoni nikahesabu tena, sitini na mbili upande wetu, hamsini na moja upande wa Ombati. Huko chini nepia ilikuwa imeumeza mpaka na hakuna aliyejua hasa ulipopita, nikaukadiria kwa macho nikiwa juu ya mwamba. Tofauti ile niliiona, nikaiandika, nikasonga mbele. Nilifurahi siku ile. Ni siku moja tu ya furaha ninayoikumbuka katika mwaka huo, nikirukaruka shambani na karatasi, nikijiita mtafiti.

Shemasi mmoja mwanamke aliyetoka kanisani mapema kumtazama mgonjwa aliniona kutoka barabarani. Aliona msichana asiyeolewa, baba yake amekufa, anatembea mpakani akihesabu hatua na kuandika, tena siku ya Sabato wakati kaka yake hayupo. Kwetu watu hawapimi ardhi kwa kujifurahisha. Kupima ndio mwanzo wa kesi. Kufikia jioni, kabla jua halijazama vizuri, mteremko mzima ulijua kwamba Moraa anataka shamba la baba yake. Nilikuwa nachochea moto niliposikia Mama Dennis upande wa pili wa ukuta. "Tumbo! Tumbo gani hiyo ya kuhesabu? Huyu ako na wakili. Mtu hawezi toa hiyo akili kwa kichwa yake peke yake."

Kesho yake nilipika chai ya maziwa, nikaipeleka sebuleni ndani ya thamosi, nikawakuta Nyakundi na Ombati wameketi kwenye viti vyenye vitambaa vyeupe vya kufuma. Hawakuigusa ile chai. Kwa mtu wetu kukataa chai ni maneno makali kuliko matusi. Kaka yangu alikuwa na tabia moja: akikasirika sana aliacha Kigusii, akashika Kiswahili, kana kwamba chifu yumo chumbani anaandika.

"Moraa, nakuuliza mara moja tu. Nani amekutuma upime hii shamba?"

"Hakuna mtu, Baba Dennis. Ni Jiografia. Ni swali la mtihani."

"Jiografia iko kwa kitabu. Nimefungua hiyo kitabu yako. Iko Denmark, iko Japani, iko Kanada. Gesima iko ukurasa gani? Nionyeshe."

"Haiko," nikasema.

"Haiko! Baba mdogo, umesikia? Sasa hao watu wa mtihani huko Nairobi wamejua aje kuna shamba ya Nyakundi?"

Ombati alikuwa mtu mtaratibu, mwenye kofia aliyoishikilia magotini. "Lisemwalo lipo," akasema. "Msichana akijua hatua za shamba leo, kesho atajua mlango wa koti. Sisi hatujakataa usome. Lakini wewe utaolewa, utapata shamba huko. Ya hapa unapimia nini?"

Nilijieleza tena na tena. Kadiri nilivyoeleza vizuri ndivyo nilivyoonekana nimefundishwa na wakili. Nyakundi aliingia jikoni mwenyewe, mahali ambapo mguu wake haukuwa umefika mwezi mzima, akachukua kitabu, mchoro, kitambulisho changu na karatasi ya usajili wa mtihani, akavifungia kabatini. Angevirudisha, alisema, siku nitakayoandika mbele ya wazee kwamba sina haja na ardhi ile, mimi na watoto wangu ambao hata hawajazaliwa. Bila kitambulisho na ile karatasi nisingeruhusiwa kuingia chumba cha mtihani.

Hapa nataka nieleweke. Hadi siku ile sikuwa nimewahi kuitaka ardhi ya baba yangu, hata kipande cha kaburi. Nilichotaka kilikuwa C. Waliponishtaki kwamba naitaka ndipo nikaanza kuitaka, na nikaitaka vibaya. Nilichuna chai nikiitazama miche niliyoipanda kwa mikono yangu nikijiuliza ni kwa nini Dennis, aliyekuwa bado anajikojolea, alikuwa na haki nayo na mimi sina. Nilikataa kuandika mwezi wa saba, nikakataa mwezi wa nane. Sikuwa na kitabu, nikawa najisomea kwa kukumbuka, nikizinong'ona sababu za watu kuhamia mijini huku nachuna. Mama Dennis alisikia akaeneza kwamba nimeanza kuongea peke yangu. Mwezi wa kumi ulipoanza nilihesabu siku zilizobaki, nikapiga moyo konde, nikamwambia kaka yangu alete wazee wake.

Walikuja watatu, kaka yangu, Ombati na mzee wa kijiji. Ikaonekana kwamba hakuna kati yao mwenye mwandiko wa kusomeka, basi mimi niliyekuwa ninanyang'anywa ndiye niliyepewa kalamu. Nyakundi akanisomea maneno kwa Kiswahili chake cha ofisini. "Mimi, Moraa, nikiwa na akili timamu, bila kulazimishwa na mtu yeyote..." Niliandika "bila kulazimishwa" kwa herufi nzuri kabisa. Kisha mzee wa kijiji akauliza ni ardhi ipi hasa, maana karatasi isiyotaja mpaka ni karatasi ya kuwashia moto. Wakatazamana. Hakuna aliyejua vipimo. Kaka yangu akainuka, akafungua kabati, akatoa mchoro wangu, ule uliokuwa kosa langu, akauweka mezani mbele yangu.

"Soma hapo. Huko juu ni hatua ngapi?"

"Hamsini na sita. Na ya baba mdogo hamsini na sita."

"Mzuri. Na mtoni?"

Ningeweza kusema hamsini na sita tena. Ningeweza kusema sikumbuki, macho yananiuma. Nilijua nilichokuwa nafanya. Nilitaka waumie, nilitaka kitu kidogo cha kuwaachia mezani pamoja na ardhi yangu. Nikasema polepole, nikimtazama Ombati na si kaka yangu, "Ya Baba Dennis, sitini na mbili. Ya baba mdogo, hamsini na moja."

Ombati aliweka kofia mezani. "Rudia," akasema. Nikarudia. "Hatua kumi na moja," akasema, sasa kwa Kigusii, kwa sauti ndogo. "Mwana wa kaka yangu, hatua kumi na moja zimetoka wapi?" Nyakundi alianza kucheka, akaacha. Mzee wa kijiji akaniambia niandike zile namba zote, nikaziandika, na kwa kuwa kaka yangu alikuwa na haraka ya kuniondoa kwenye ardhi, alitia sahihi chini yake kabla hajafikiri. Chai niliyowapikia siku ile nayo haikunyweka.

Wiki iliyofuata, nikiwa nimekwisha rudishiwa vitu vyangu, Nyakundi alikuja jikoni akaketi juu ya gunia. Alizungumza Kigusii, kwa upole ambao sikuwa nimeusikia tangu baba afe. Ombati alikuwa ameipeleka karatasi kwa chifu. "Mwana wa mama," akaniambia, "waambie ulikosea kuhesabu. Nenda umwambie tu baba mdogo kwamba ulikosea. Mimi sijasogeza mpaka. Mungu ananiona, sijasogeza." Nilikuwa namenya ndizi. Nilimwambia kwamba mimi sikosei kuhesabu, na kwamba kama anataka namba nyingine atafute dada mwingine. Aliinuka, akaondoka.

Mtihani niliufanya. Swali la utafiti wa nyanjani lilikuja, nikalijibu kurasa mbili na mchoro, nikaandika shamba la Nyakundi kana kwamba nilipelekwa huko na mwalimu na darasa zima. Nilipata B katika Jiografia na C jumla, nikaenda chuo, na miaka ya baadaye nikasomea shahada nikifundisha. Huku nyuma wazee waliusogeza mpaka. Kaka yangu alipoteza kipande cha nepia alichokuwa analishia ng'ombe, akamuuza ng'ombe, na yeye na Ombati hawakusalimiana tena. Wake zao walichota maji sehemu mbili tofauti za mto mmoja. Mimi nilisikia habari hizo chuoni nikasema wamejitakia.

Muhula wa pili chuoni mhadhiri alitupeleka nje kujifunza kupima kwa hatua. Alitupitisha uwanjani, kisha akatupitisha bondeni palipokuwa na majimaji, umbali uleule aliokuwa ameupima kwa kamba. Uwanjani nilipata hatua hamsini. Bondeni nilipata hamsini na saba. Akasema mguu ukiingia matopeni hatua hufupika, na mahali pakavu na wazi hurefuka bila mtu kujijua, ndiyo maana mpimaji hahesabu mara moja akaamini, tena hakadirii mpaka kwa macho. Wenzangu walikuwa wanacheka na kukung'uta viatu. Mimi nilisimama pale pale. Nepia ya kaka yangu ilikuwa matopeni, nilikuwa nimeipita nikivuta buti kwa mikono. Upande wa Ombati ni mikaratusi, na mikaratusi hunywa maji yote, chini yake ni pakavu kama sakafu. Sikumwandikia kaka yangu barua. Nilijiambia kwamba hata yeye hakuniamini nilipokuwa nasema kweli. Nilijiambia hivyo kwa miaka yote hiyo, na kila mwaka nimewafundisha wanafunzi wangu kuhesabu mara tatu.

Tulipokwisha kumfukia, watu wakielekea kwenye chakula, Ombati alinijia. Hakuwa amekanyaga boma lile tangu mwaka huo. Amezeeka, ana fimbo, mjukuu wake alimshika mkono hadi aliponifikia akamwambia amwache. Akanishika mikono yote miwili. "Mwalimu," akaniambia, "Mungu akuweke. Huyu alikuwa damu yangu, lakini angeninyang'anya nisijue. Wewe pekee ndiye uliyesema ukweli katika nyumba hii." Nilimtazama usoni, mzee ambaye miaka yake yote hii alikuwa amemchukia mtoto wa kaka yake kwa sababu ya matope.

"Asante, baba mdogo," nikamwambia.